Kiondo Kwenye Kiti cha Thelathini na Nne

Niseme mapema kwamba sikwenda Ujerumani kutembea. Nimerudi Nunguni nikakuta maneno yamenitangulia sokoni, eti Mwalimu Kalekye alienda ng'ambo kula raha na kupiga picha. Picha nilipiga mbili, na zote mbili zina kidole changu. Nilikwenda kwa sababu binti yangu Mutheu, ambaye ni muuguzi huko, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na wiki tatu zilikuwa zimepita bila yeye kuvuka mlango wa nyumba yake.

Aliyeniambia ni mumewe, Kioko. Alinipigia simu jioni moja nikichambua maharagwe, ukungu umeshuka mpaka sioni zizi langu mwenyewe.

"Mama, mtoto yuko salama," akaanza hivyo, nami nikajua kuna jambo. "Ni Mutheu. Anaketi kwenye kiti cha dirishani tangu asubuhi mpaka jioni, mtoto mapajani. Chakula anaonja tu. Haongei. Daktari amekuja kumwona mara mbili, amesema hali hii huwapata wazazi wengi na inatibika, lakini atoke nje kidogo kila siku. Hatoki. Nikimshika mkono tukifika mlangoni, anarudi kuketi."

"Mpe simu."

Nilisikia simu ikipita kutoka mkono hadi mkono, kisha sauti ya binti yangu ikatoka mbali, kana kwamba amejifunika blanketi.

"Niko sawa, mwaitu."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Siku za kawaida Mutheu huniita Mami, nalo jina hilo amelisema tangu meno ya kwanza. Mwaitu huniita akiwa mgonjwa au akiwa na huzuni asiyotaka kuisema. Niliweka ungo chini.

"Nitakuja," nilimwambia. "Lakini mimi treni za huko sizijui wala njia siijui. Utakuja wewe kunipokea stesheni. Si Kioko, wewe. Usipokuja nitakaa hapo hapo platifomu mpaka serikali yao inirudishe Kenya."

Nikamsikia mtoto akipiga chafya huko ndani.

"Nitakuja," akasema.

Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Mtoto akisema ndiyo mwalimu, najua kama ameelewa au anataka tu nimwondokee. Siku hiyo sikuweza kujua, na jambo hilo lilinisumbua njia nzima.

Viza nilikuwa nayo tayari, kwa maana tulikuwa tumepanga niende Desemba. Sasa Desemba ilionekana mbali mno. Nikaomba tarehe ya karibu, nikaanza kupanga vitu kwenye kiondo cha marehemu mama yangu, ambaye Mutheu alimwita susu, yaani bibi. Ni kikapu cha kusukwa kwa mkonge, kina mistari ya zambarau na kahawia, na karibu na mdomo kuna mstari mmoja aliukosea, akaanza na rangi isiyo yake. Hakuufumua. Alisema mtu akikiiba atakijua mara moja. Ndani nilitia unga wa wimbi, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, njugu karanga za kukaanga, leso mbili, Biblia na simu yangu. Nguo zilienda kwenye sanduku.

Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea, wakanisindikiza mpaka barabara ya lami. Jirani yangu Ndinda alinivuta kando. Ndinda hajafika hata Mombasa, lakini ushauri anao wa dunia nzima.

"Huko ukifika, kiondo usikiache hata dakika moja," akaniambia.

"Kwani mimi ni mtoto?" nikamjibu. Kumbukeni jibu hilo.

Gari lilinishusha Sultan Hamud, nikangoja lile la kunipeleka Nairobi. Nilikuwa na saa nzima, nikaenda kusimama kando ya reli ya zamani, maana mimi ni mtoto wa hapo. Baba yangu alikuwa kibarua wa reli, kazi yake kukaza nati na kung'oa majani katikati ya mataruma, na nyumba yetu ilikuwa nyuma tu ya stesheni. Jua likizama treni ya abiria ilipita ikiwa na taa za manjano kwenye madirisha yote. Niliona watu ndani wakila, wakisuka nywele, wakilaza watoto. Niliamini kabisa kwamba wanaishi humo, kwamba treni ni nyumba moja ndefu inayotembea na wenyewe hawahami. Niliwapungia mkono kila jioni. Wengine walinipungia, nami nikalala nikiwa nimeshiba.

Treni ile iliacha kubeba abiria, na hii mpya ikichukua watu huwachukua Emali, si kwetu. Kwa hiyo nimefika miaka sitini na miwili nikijua mlio wa treni kuliko mlio wa jogoo wangu, na sijawahi kupanda hata moja. Lakini Kioko aliponiuliza, "Mama, treni utaweza?" nilimjibu kwamba nimezaliwa relini. Majibu yangu ya safari hii yote yalikuwa ya namna hiyo.

Ndege sitaieleza sana. Nilipewa dirisha na nikaona mawingu kutoka upande wa juu, jambo ambalo sikuwa nimemwomba Mungu. Kulipopambazuka yalikuwa meupe na yametulia, mashamba na mashamba ya mawingu, na hakuna mtu aliyelima. Nilitaka kumwamsha jirani yangu wa kiti aone, ila alikuwa amelala mdomo wazi nikamhurumia.

Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimemaliza mambo ya pasipoti Frankfurt na sanduku langu liko mkononi. Mutheu alikuwa ameniandikia karatasi, kila hatua na saa yake: treni ndogo kutoka uwanja wa ndege mpaka stesheni kuu, halafu treni kubwa ya saa tano na dakika mbili mpaka mji wao. Mji huo sitautaja, yeye mwenyewe hapendi. Nitauita mwisho wa reli, kwa sababu treni huanzia stesheni kuu na kuishia hapo. Nilikatiwa tikiti yenye behewa na kiti: behewa la tano, kiti cha thelathini na nne. Nikaifunga kwenye kitambaa nikaitia mfuko wa ndani wa koti, pamoja na pasipoti na pesa kidogo.

Stesheni ya uwanja wa ndege iko chini ya ardhi. Ngazi inayotembea yenyewe ilinishusha polepole, nami nikashika kiondo kwa mikono miwili, sanduku nimelibana kwa magoti. Chini kulikuwa na watu wengi na hakuna kelele. Jambo hilo lilinitisha kuliko kelele. Kwetu hata ukitaka kupotea hawakuachi. Kabla hujafikiri unakwenda wapi, makanga ameshakushika mkoba na kukutajia mji wako. Hapa hakuna aliyeniita. Treni zilikuja bila mlio wa maana, milango ikafunguka, watu wakaingia wakiwa wanatazama simu, milango ikafungwa. Nilimwonyesha kijana mwenye baiskeli karatasi yangu, akaitikia kwa kichwa, nikaingia nyuma yake. Robo saa baadaye nilikuwa stesheni kuu, na nilikuwa nimejisifu moyoni mara tatu.

Saa nne kasoro robo. Stesheni kuu ina paa la vioo na chuma, juu sana, na mwanga wa asubuhi ulikuwa unashuka humo ukiwa umechanganyika na vumbi. Njiwa walikuwa wakiruka ndani, si nje. Treni zilikuwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, zaidi ya ishirini, pua zote zimeelekea kwangu. Nilisimama katikati na sanduku langu, na watu wakapita huku na huku bila kunigusa, na kwa muda nikawa sina uhakika kama wananiona. Nilidhani labda bado nimelala kwenye ndege. Nikaanza kuwasalimia ili nijue. Nilisalimia watu sita kwa Kiingereza changu cha darasani, na wa saba, bibi mmoja mwenye mbwa, akaitikia vizuri na kuniuliza ninakwenda wapi. Akaninyooshea kidole ubao mkubwa wa matangazo.

Ubao ule niliupenda. Miji ilikuwa inapanda juu mstari kwa mstari, ya kwanza inatoweka, nyingine inazaliwa chini, bila mtu kuigusa. Nilipoona mji wa mwisho wa reli ukitokea chini kabisa na namba ya platifomu kando yake, nilijisikia kama ninavyojisikia mwanafunzi wa nyuma ya darasa anapoinua mkono. Nikafuata namba. Treni ilikuwa imeshafika, nyeupe, milango wazi. Saa nne na nusu.

Behewa la tano nililipata. Kiti cha thelathini na nne nilikipata, kiko dirishani, upande wa pili wa meza ameketi mzee mmoja mwenye gazeti. Msichana alinisaidia kupandisha sanduku. Nikaketi, nikapumua, nikahesabu watu: kumi na mmoja, kwenye behewa la viti zaidi ya sitini.

Hapa ndipo niwaeleze wasomaji ambao si wa kwetu. Nilifundisha Tawa miaka kumi na miwili. Siku ya soko, ukitaka kurudi nyumbani, unaingia kwenye gari likiwa bado tupu, unaweka kiondo kwenye kiti unachokitaka, halafu unatoka kwenda kumalizia shughuli zako. Unanunua chumvi, unakunywa chai, unamsalimia mgonjwa hata. Gari haliondoki mpaka lijae, na wewe unajua, na dereva anajua. Mtu akiingia akitaka kuketi pale, waliomo humwambia, "Hapo kuna mtu." Anasonga mbele. Hakuna anayeuliza mtu huyo yuko wapi wala atarudi lini, kwa sababu kiondo kimeshasema. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na Mutheu nilimlea hivyo, mara nyingine nikimwachia kiondo na mara nyingine nikimwachia kazi ya kusema.

Basi nilikuwa na kiu tangu mawinguni. Watu ni kumi na mmoja. Hakuna makanga anayeita, hakuna dereva anayepiga honi, kwa hiyo akili yangu ilisema kuna muda mwingi. Niliweka kiondo kwenye kiti cha thelathini na nne, nikakunja leso moja vizuri nikailaza juu yake, nikamtazama yule mzee wa gazeti, naye akanitazama. Nikashuka.

Chai yao ni maji ya moto na kamfuko kenye uzi. Niliomba maziwa nikapewa kijiko kimoja kwenye kikopo kidogo. Nikaomba mengine. Yule binti muuzaji akacheka, akaniuliza nimetoka wapi, nikamweleza kuhusu Nunguni, baridi yake, na kwamba chai ya kwetu maziwa huchemka pamoja na majani. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Nilirudi taratibu nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono yote miwili, mvuke unanipanda usoni, njiwa juu, mwanga juu, na nilijisikia nimeshakuwa mtu wa hapo.

Platifomu ilikuwa tupu. Palipokuwa na treni nyeupe palikuwa na reli mbili, zinang'aa. Saa kubwa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika nne.

Niliogopa, sitadanganya. Niliogopa mpaka chai ikamwagika kwenye kiatu. Lakini sikuogopa kwa ajili ya sanduku wala simu. Nilimwona Mutheu. Saa nane kamili angekuwa amesimama kwenye stesheni yake, mtoto mkononi, nje ya nyumba kwa mara ya kwanza baada ya wiki hizo zote, na milango ya treni ingefunguka, na watu wangeshuka wote, na mama yake asiwemo. Nilimwona akigeuka. Nilimwona akirudi kwenye kiti chake cha dirishani, na sikujua ni nani angemwinua tena hapo. Mimi niliyemwambia asikose, ndimi niliyekosa.

Mama mmoja wa stesheni, mwenye kofia nyekundu, alinikuta nimesimama hapo hapo. Alikuwa mtu wa umri wangu, mnene, mwenye Kiingereza cha polepole ambacho nilishukuru.

"Umekosa treni?" akaniuliza.

"Haikuwa imejaa," nikamwambia. "Watu kumi na mmoja tu. Haikuwa hata nusu."

"Treni haingoji kujaa, mama. Inaondoka saa yake ikifika."

Nimefundisha hesabu na saa kwa miaka thelathini na mmoja, na nililazimika kuambiwa hilo na mtu mwingine.

"Una namba ya anayekupokea?"

"Iko kwenye simu. Simu iko kwenye kiondo. Kiondo kiko kwenye treni."

"Hakuna namba yoyote unayoikumbuka kwa kichwa?"

"Yangu," nikasema.

Akaipiga. Tulisimama wawili tukiisikiliza ikilia, na huko mbali, mashambani nisikokujua, kiondo cha mama yangu kilikuwa kinalia peke yake kwenye kiti. Hakuna aliyepokea. Akapiga tena, ikawa vile vile.

Kisha akasema jambo lililonifanya nimshike mkono. Alisema anaweza kuongea na kondakta wa ile treni, vitu vyangu vishushwe stesheni inayofuata na kuwekwa ofisi ya vitu vilivyopotea, kwa sababu kifurushi kisicho na mwenyewe huwa ni jambo kubwa huko. Vingekuwa salama. Ningevichukua kesho.

"Hapana," nikamwambia. "Tafadhali mwambie wakiache hapo hapo kwenye kiti. Wasikisogeze. Hapo kuna mtu."

"Lakini wewe uko hapa."

"Binti yangu akikiona ataelewa."

Alinitazama sana. Nilimweleza yote basi, nikiwa nimesimama na kikombe kitupu: kiti cha dirishani, wiki tatu, masharti niliyompa, na desturi ya Tawa siku ya soko. Sijui alielewa kiasi gani. Alisogea kando akaongea kwenye simu kwa Kijerumani muda mrefu, nikamwona akizisoma namba za behewa na kiti kwenye tikiti niliyompa, mara mbili. Aliporudi alisema kondakta ameona kiondo, amekubali, na amewaambia waliokaa karibu. Kisha akanibadilishia tikiti, ya saa saba na dakika mbili, akanionyesha benchi na kuniambia nisitoke hapo. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Saa mbili hizo sijui nilikuwa macho au la. Treni ziliingia na kutoka. Kila ilipoondoka moja, nyuso za madirishani zilinipita moja moja, mtu anakula mkate, mtu anamvua mtoto kofia, na nilirudi kuwa yule mtoto wa nyuma ya stesheni ya Sultan Hamud. Nilijikuta nimeinua mkono. Mtoto mmoja alinipungia. Nikajiuliza kama Mutheu anavaa viatu sasa hivi. Nikajiuliza kama amefika mlangoni akarudi. Na hata akifika stesheni, je, ataingia ndani ya behewa, au atasimama nje, atazame, aende zake? Niliomba kwa Kikamba, kwa sauti, na hakuna aliyenigeukia.

Saa saba na dakika mbili tuliondoka. Kiu ilinirudia na sikuthubutu hata kuinuka. Kulikuwa na misitu ya majani ya njano, kisha mto, kisha ukungu uliolala juu ya mashamba yaliyolimwa, na ndani ya ukungu ule kwa muda mrefu sikuona kitu ila uso wangu kwenye kioo. Ningeweza kuwa nakwenda popote. Kwenye stesheni ndogo ndogo watu walishuka wakapotelea humo. Behewa lilizidi kuwa tupu mpaka nikabaki na mwanamume mmoja aliyelala, na hata hivyo treni iliendelea kwenda, kwa ajili yetu wawili.

Saa kumi kamili tulifika mwisho wa reli. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa dakika ishirini.

Nilichokiona kwanza ni sanduku langu. Lilikuwa limesimama kando ya benchi. Kisha nikaona kiondo, na mstari uliokosewa. Kisha nikaona binti yangu, ameketi kwenye benchi na koti refu, mtoto amembeba mgongoni kwa leso yangu, ile niliyoikunja. Koti lake mbele lilikuwa limejaa maganda mekundu ya njugu. Alikuwa anatafuna.

Aliniona. Hakusimama. Alitazama kikombe cha karatasi ambacho bado nilikuwa nimekishika, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Mami," akasema. "Ulienda chai."

"Nilikuwa na kiu," nikasema.

Alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Nami nikalia hapo platifomu mbele ya watu, mwalimu mzima, na sikuona aibu hata kidogo.

Alinieleza tukitembea polepole kwenda nyumbani, yeye akibeba kiondo, mimi nikivuta sanduku. Alifika nusu saa kabla. Alikuwa amejilazimisha hatua kwa hatua, mpaka kwenye kona, mpaka kwenye duka la mikate, mpaka kwenye ngazi. Treni ya saa nane ilipofunguka, mimi sikushuka.

"Nilikuwa nimeshageuka, Mami. Kweli nilikuwa nimeshageuka. Halafu nikasema labda umelala kwenye kiti, maana wewe ukishashiba popote unalala. Nikaingia. Nikaona kiondo cha susu kimekaa peke yake, leso juu, kimetulia. Nikanyoosha mkono nikichukue, na kuna mzee amekaa hapo na gazeti, akanizuia. Unajua aliniambia nini?"

"Nini?"

"Aliniambia hapo kuna mtu. Mzee wa Kijerumani, Mami, na uso wake hauna mzaha. Hapo kuna mtu. Nikacheka mpaka nikashika meza. Alidhani naugua. Nikamwambia najua, ni mama yangu, amekwenda kunywa chai, atakuja na gari linalofuata."

Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Nilipopiga simu yangu kwa mkono wa yule mama wa stesheni haikupokelewa, lakini kiondo kilifikisha habari yote, tena kwa mtu mmoja tu katika mji ule ambaye angeielewa.

Nilikaa wiki nane. Sitawadanganya kwamba alipona siku hiyo. Kulikuwa na asubuhi alizoketi tena dirishani na kuniita mwaitu, na daktari aliendelea kumwona, na dawa alikunywa. Lakini kila siku saa kumi tulitembea mpaka stesheni kuangalia treni ikifika, kwa kuwa alisema hapo ndipo anapojua njia ya kufika. Nilimpikia uji wa wimbi na muthokoi. Mtoto jina lake ni Nduku, la mama yake Kioko, maana wa kwanza hupewa jina la upande wa baba. Zamu yangu bado, na nimewakumbusha. Tulimpakata kwa zamu kwenye benchi, naye akatazama madirisha yakipita kwa macho makubwa, na mimi nikamshika mkono nikampungisha.

Asubuhi ya kurudi, Kioko alikuwa ameshapeleka sanduku chini. Vitu vyangu vidogo nilivitia kwenye mfuko wa duka. Kiondo nilikiweka juu ya kile kiti cha dirishani, nikakunja leso nikailaza juu yake. Mutheu alisimama mlangoni akanitazama nikifanya hivyo. Alivaa koti, akambeba mtoto, akanisindikiza mpaka ndani ya behewa, akaniketisha yeye mwenyewe, na akaniambia nisishuke hata nyumba ikiungua.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini nimekilipia. Stesheni za ng'ambo hakuna atakayekuita, kwa hiyo ita wewe. Wa saba ataitikia. Treni huondoka tupu na huondoka kwa saa yake, na haina ubaya na wewe. Namba ya mwanao iweke kichwani, si kwenye kiondo. Na Ndinda alisema kweli, jambo ambalo nimelikubali mbele ya mashahidi na sitalirudia.

Jumapili iliyopita Mutheu alipiga simu baada ya kanisa. Nyumba yake ilikuwa na kelele, vijiko, watu wanacheka. Amerudi kazini siku mbili kwa wiki, na alikuwa amewaalika wenzake wa wodini chakula cha mchana, muthokoi nilioacha. Nilimsikia mtoto akipiga kelele kwa furaha karibu na simu. Kisha nikasikia mwanamke mgeni akiuliza kitu kwa Kijerumani, na mguu wa kiti ukikwaruza sakafu.

Mutheu alitoa simu mdomoni, lakini nilimsikia vizuri. Alimjibu yule mgeni kwa Kijerumani, kisha akarudi kwangu akanitafsiria.

"Alitaka kuketi kile kiti cha dirishani, Mami," akasema. "Nimemwambia hapo kuna mtu."